Mnyoo Hataki Picha

Ana urefu wa milimita moja na mwili mwangavu, hana hata mfupa, lakini mwambie mnyoo huyu atulie chini ya darubini uone maringo yake! Kila nikifungua shata, kichwa kimeshatoka pichani, nimeachiwa mkia.

Tulikuwa tunapima ATP, molekuli inayobeba nguvu ya seli, ndani ya seli zake angali hai, kwa kihisi kiitwacho ATeam, kilichotangazwa na Wajapani mwaka 2009. Ni protini mbili zinazong'aa, ya samawati na ya njano, katikati yao kipande cha protini ya bakteria kinachonasa ATP. Kikiinasa kinajikunja, zile mbili zinakaribiana, njano inapanda, samawati inashuka. Gawanya njano kwa samawati, umejua mnyoo ana nguvu kiasi gani. Mradi atulie, bwana mkubwa.

Profesa akachoka kusonya gizani. Akaenda kabatini, akarudi na kichupa kilichoandikwa kwa mkono: YA KUTULIZA MINYOO. Basi. Aliyeandika alishahitimu zamani akaenda zake.

"Tia tone."

"Profesa, hii ni dawa gani hasa?"

"Si imeandikwa hapo?"

Nikatia. Mnyoo akanyooka, tuli! Na grafu ikaanza kuteremka, taratibu, bila kigugumizi. Minyoo hawa tuliowaanza walikuwa na jeni yenye hitilafu; tulitarajia waishiwe nguvu mapema, na kweli wakawa wanaishiwa mbele ya macho yetu. Profesa akampigia simu mwenzake. Nikamsikia akichagua rangi za mchoro wa kwanza wa makala.

Nikaweka minyoo wazima, wa kulinganishia. Nao wakateremka, mteremko uleule.

"Hawa nao wanaumwa?" akauliza, simu ingali sikioni.

Mtunza kemikali alikuwa anapita. Akakiinua kichupa, akakitambua. "Si azidi ya sodiamu hii? Inafunga kimeng'enya cha mwisho katika mitokondria, mitambo ya ATP ya seli: kile kinachoipa oksijeni elektroni. Mmewakaba koo, sasa mnashangaa wamechoka?"

Profesa akakata simu bila kuaga.

Tukarudia kwa vishanga vya polistirini, vidogo kuliko bakteria, juu ya jeli ngumu ya agarosi: vinamshikilia mnyoo kwa msuguano, bila sumu yoyote. Tukaanza na wale wenye hitilafu. Grafu ikalala chali, haipandi wala haishuki. Profesa akaikodolea macho kwa muda mrefu.

"Mwongezee muda," akasema. "Huyu anajikaza tu."