Chikki naye angeitwa koko

Kuna vijibwa vya Urusi vinaitwa Russkiy Toy, kama hujawahi kuviona we tafuta picha tu uangalie masikio, maana mbwa mwenyewe ni mdogo kweli kweli, uzito mwisho kilo 3, kimo sentimita 20 mpaka 28, vijiguu vyembamba mpaka unaogopa kumnyanyua, halafu juu kule masikio makubwa yamesimama na nywele ndefu zinaning'inia kama pazia. Na hizo nywele hazijai haraka, mbwa mpaka apite miaka 3 ndo zinafunika kingo na ncha za masikio. Wapo pia wa manyoya mafupi, hao kila siku watu wanawachanganya na Chihuahua.

Mbwa mi nawapenda, ila baadhi ya wanaowafuga ndo wananichosha. Kitu cha kwanza kuulizwa ni karatasi, baba yake nani, babu yake nani, kama huna basi huyo wako ni koko tu hata awe mzuri vipi. Haya, hebu tuwaulize na wao, babu wa hao mbwa wao alikuwa nani?

Mwanzoni mwa karne ya 20 Warusi wenye uwezo walikuwa wanapenda sana toy terrier wa Kiingereza, kijibwa cha kupakata, na huyo ndo babu wa Russkiy Toy. Yakaja mapinduzi ya 1917, na mbwa wa kupakatwa sebuleni si mbwa ambaye serikali mpya ingemhangaikia, waliotakiwa ni mbwa wa kazi, wa kulinda na wa jeshini. Kati ya miaka ya 1920 na 1950 uzalishaji ukakaribia kufa kabisa. Katikati ya miaka ya 50 wafugaji wakaanza kuokoteza waliobaki, na karibu wote hawakuwa na karatasi yoyote ya ukoo, wengi wao walikuwa chotara. Hili si umbea wa mtaani jamani, limeandikwa kwenye historia rasmi ya mbegu yenyewe.

Halafu tarehe 12 Oktoba 1958 akazaliwa dume mmoja, wakamuita Chikki. Wazazi wake wote wawili wa manyoya mafupi, ila mmoja alikuwa na manyoya marefu kidogo kuliko yanavyotakiwa na ukoo wake haujulikani, na huyu mtoto akatoka na mashada ya nywele masikioni na miguuni. Mfugaji mwingine angeona hiyo ni kasoro, angemgawa mbwa na mambo yakaisha. Wao wakaona hapana, hii tuitunze, wakamtafutia jike ambaye naye manyoya yake yalikuwa yamezidi kidogo, na hapo ndo ikaanza ile aina ya manyoya marefu ya Moscow, na mwanamama Yevgeniya Zharova akawa na mchango mkubwa sana humo. Kwa hiyo yale masikio watu wanayoyalipia leo yametokana na mbwa ambaye upande mmoja hana ukoo. Kwa sheria za hao wanaotukana koko, Chikki asingevuka hata geti.

Kutambuliwa kimataifa ndo kulichukua miaka. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, liliwapokea kwa muda tu mwaka 2006, maana yake unaweza kushiriki maonyesho ila cheti cha ubingwa wa kimataifa hupati, mpaka 2017 ndo wakakubaliwa moja kwa moja. Marekani wakawaingiza rasmi kwenye kundi la mbwa wadogo 2022. Lakini mbwa ni yuleyule wa siku zote, hakubadilika usiku wa kuamkia kikao.

Sisemi karatasi hazina maana. Kiwango kilichoandikwa, yaani vipimo vya mbegu, kinamlinda mbwa pia, mfano Russkiy Toy akiwa chini ya kilo 1 au chini ya sentimita 18 anatolewa mashindanoni, na mi hapo naunga mkono asilimia mia, maana kuna watu wanawapunguza mpaka wanakuwa wa kutia huruma. Tayari hivi walivyo wanavunjika miguu kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi, meno ya utoto yanagoma kung'oka mpaka daktari aingilie, na magoti kuteguka ni jambo la kawaida kwa mbwa wadogo.

Sasa mbegu iliyoanza na mbwa wachache namna hiyo ukiifungia ndani izaane yenyewe kwa yenyewe, unategemea nini? Mi maoni yangu mlango uachwe wazi kidogo. Akitokea mbwa hana karatasi ila sura na mwendo ndo vyenyewe, majaji wamkague, daktari apime magoti na damu, akifaa aandikwe. Na anayesema hiyo itaharibu usafi wa mbegu atuambie kwanza, mwaka 1955 huo usafi ulikuwa kwa mbwa gani?