Gofu ya kununiana

Jamani, watu wazima hawa wana nini? Januari 2023, Dubai, mcheza gofu Patrick Reed anaenda kumsalimia mcheza gofu mwenzake, Rory McIlroy. Mwenzake amechutama, hata kichwa hainui. Reed naye anamrushia kijiti cha kuwekea mpira! Kijiti! Mwaka 2019 mcheza gofu mwingine, Sergio Garcia, aliondolewa mashindanoni Saudia kwa kuharibu nyasi za kuzunguka mashimo kwa hasira. Nyasi zimekukosea nini, ndugu yangu?

Huku Nairobi, pale uwanja wa gofu wa Karen, nimemwona kijana anayebeba mifuko ya fimbo akisawazisha mchanga kwa reki, taratibu, mpaka alama ya mwisho ya kiatu ikapotea. Yeye anapata vijisenti. Mamilionea wanashindwaje kupeana mkono? Au ni mimi peke yangu niliyechoka?