Kipindi cha michezo kisiliwe na Hisabati

Kijiji kimoja huko Longido nilimkuta mtoto aking'oa mwiba kwenye mpira kwa meno. Mpira ulikuwa mpya kabisa, umeletwa na wageni kutoka mjini Arusha, picha zikapigwa, watu wakapeana mikono. Kabla jua halijazama ukawa umelala chini kama chapati. Pampu hakuna. Watoto wakaurudia mpira wao wa matambara na kamba. (Zamani waliuviringisha kwa mifuko ya plastiki, hadi ilipopigwa marufuku mwaka 2019.)

Sibezi msaada. Lakini kwa jinsi ninavyopanda na kushuka barabara hii ya Namanga, nimeamini kwamba kinachokosekana zaidi kule ni muda, hasa muda wa wasichana.

Kengele ya kutoka ikilia, wavulana wengi wanakimbilia uwanjani. Wasichana wanashika njia ya nyumbani: kuna dumu la lita 20 la kujaza, kuni za kutafuta, na mdogo wa kubeba mgongoni. Mwalimu anayesema "michezo ni baada ya masomo" amekwishawafungia mlango, hata kama ana nia njema. Na kile kipindi cha michezo kilichoandikwa kwenye ratiba kinaliwa na Hisabati, kwa sababu mtihani wa darasa la saba ni Septemba. UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikikaribia, wanachaguliwa wachache wenye vipaji, wengine wanabaki kushangilia.

Shule moja niliyoizoea, mwalimu wa kike alikataa. Kipindi kikabaki palepale, asubuhi baada ya uji. Fundi wa kuchomelea akakunja nondo zikawa pete mbili, wazazi wakachimbia nguzo. Mpira wa pete unafaa sana kwenye nchi ya migunga: wachezaji saba kila upande, mpira unatoka mkononi kwenda mkononi, na hukai nao zaidi ya sekunde tatu. Miiba inaupata mara chache. Binti mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akijibu swali darasani alikuwa anacheza senta, jasho linamtiririka, anapaza sauti: "Nipe! Nipe huku!" Na wenzake wakampa. Nilisimama pale hadi kipindi kikaisha, nikachelewa gari.

Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, na mimi nitakuwa wa kwanza kukata tiketi. Ila wathibiti ubora wa shule wanapokuja kukagua madaftari, nawaomba waulize pia: wiki hii kipindi cha michezo kimechezwa? Nani amecheza?

Na wewe unayetaka kuchangia, usiache kupeleka mipira. Weka na pampu, sindano tatu za akiba, na nondo za pete mbili. Kisha muulize mwalimu ni siku gani wanacheza, uende siku hiyo, bila kamera.