Miwani peke yake haitoshi, mkono nao ufundishwe

Makala niliyoisoma kuhusu kuwafundisha madaktari kuchoma sindano kwa miwani ya uhalisia pepe (VR, inayomwonyesha mtu mazingira ya kuigiza) inasifu sana picha zake, lakini kwangu habari kubwa ni ile sindano ya mazoezi inayorudisha mguso mkononi. Nimefundishwa kuchoma ganzi ya mgongoni, na kazi ile haionekani kwa macho. Unasukuma bomba la sindano taratibu, kano, yaani utepe mgumu unaounganisha mifupa ya mgongo, inagoma, inagoma, halafu ghafla ugumu unaisha. Hapo hapo unasimama. Ukipitiliza milimita chache unatoboa utando unaofunika uti wa mgongo, maji yanavuja, na mama aliyetoka kujifungua anabaki na kichwa kinachomuuma hata kukaa hawezi. Kumweleza mwanafunzi hisia hiyo kwa maneno ni kazi bure. Lazima aiguse mwenyewe.

Kuitengeneza si rahisi. Jicho hutosheka na picha 90 kwa sekunde, ila mkono unataka nguvu ihesabiwe kama mara 1,000 kwa sekunde, la sivyo mfupa unatetemeka kana kwamba ni mpira. Wanaonunua vifaa hivi wasidanganywe na picha nzuri. Wawaite madaktari wazoefu wa ganzi, wafumbe macho, wachome, kisha waseme kama ile kano ni kano kweli.