Tembo kumi na watano kwa kikombe kimoja

Mimi na udongo tunajuana. Nyumba niliyozaliwa ilikandikwa udongo, utotoni nimechapwa kwa kuchezea udongo, na nikifa mnajua nitapelekwa wapi. Sasa nina miaka 58, nimebakiza miwili kustaafu, nimelipa shilingi laki moja na nusu ili niende Msasani nikafundishwe kushika udongo. Halafu daktari anashangaa presha haishuki.

Na huyo daktari ndiye chanzo. Alisema nitafute kitu cha kunituliza akili. Mimi nikawaza bao. Pale mtaani Mbagala, chini ya mwembe, kuna wazee wanacheza bao bure toka asubuhi, na akili zao zimetulia mpaka wengine hawajui leo ni siku gani. Binti yangu akasema, "Baba, bao ni la kizamani. Siku hizi watu wazima wanajifunza ufinyanzi." Akalipa palepale kwa simu, vipindi vinne vya Jumamosi. Nikajua ni zawadi. Mwisho wa mwezi akanikumbusha kwa upole kwamba alinikopesha.

Daladala mbili na bajaji moja mpaka studio. Nikafika nimeshalowa jasho, nikakuta vijana kumi na mmoja, mzee ni mimi peke yangu, na muziki laini kama wa kwenye lifti. Tukapewa aproni. Binti mmoja alikuwa na kucha ndefu za kubandika, akaambiwa azikate au aje tu kutazama. Akachagua kutazama. Kwa kweli yule ndiye aliyefaidi kuliko sote.

Kwanza tulikanda. Nilidhani ule udongo unakuja tayari, kumbe unakandwa kama unga wa chapati mpaka hewa yote itoke, kwa sababu kiputo kikibaki ndani, huko mbele kwenye gurudumu kitakurusha mkono. Miaka thelathini ya ndoa sijawahi kukanda chapati hata moja. Dakika kumi tu mabega yakaniwaka, na nikaanza kuelewa kwa nini mama watoto huwa hajibu ninapouliza, "Leo hakuna chapati?"

Halafu tukakaa kwenye mashine. Gurudumu lenyewe ni sahani inayozunguka kwa umeme, na chini kuna pedeli kama ya cherehani ya umeme. Hakuna aliyeniambia kwamba pedeli ile haitaki mguu wa mtu aliyezoea kusukuma cherehani ya marehemu mama yake. Nikaikanyaga kwa imani. Bonge langu likaondoka. Halikuanguka, liliondoka! Likapita juu ya ndoo ya maji na kutua kwenye kifua cha kijana wa benki aliyevaa fulana nyeupe. Akasema, "Usijali, mzee." Lakini kipindi kilichofuata alihamia kona ya mbali, akaweka ndoo mbili kati yetu.

Mwalimu wetu ni kijana mwenye rasta, mpole kupita kiasi. Kila jambo analisema kwa mafumbo. "Mzee wangu, udongo lazima ukae katikati. Usiposimama katikati, hakuna chombo." Sawa. Unalowesha mikono, unabana viwiko kwenye mapaja, unaukandamiza mpaka uache kuyumba. Bonge la wenzangu likatulia, likawa kama limesimama ingawa linazunguka. Langu liliyumba kama daladala lililopinda chasisi. "Usishindane nao," akasema. Nikalegeza. "Usiuachie," akasema. Nikashika. "Sikiliza udongo, mzee." Nikainama, nikategea sikio kabisa, mpaka tope likanirukia kwenye miwani. Sikusikia kitu. Kipindi kizima cha kwanza kikaishia hapo, kutafuta katikati.

Kipindi cha pili nikaipata. Nikatumbukiza dole gumba, shimo likafunguka, nikaanza kuvuta ukuta juu kwa vidole, taratibu, ndani na nje. Ukapanda! Nikaongeza maji ili uteleze vizuri. Kumbe maji yakizidi udongo unachoka. Kitu kilichokuwa kikombe kikalegea kiunoni, kikajikunja, kikakaa chini kama mlevi kwenye ngazi. Kanisani tunasomewa Yeremia sura ya 18, mfinyanzi chombo kikamharibikia mkononi akakifanya kingine. Anaharibikiwa mara moja. Mimi siku ile niliharibikiwa mara sita, na wala hakuna nabii aliyekuja kunitazama.

Mwalimu akanipa moyo. Akanisimulia habari za Ladi Kwali, mwanamke mfinyanzi wa Nigeria ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Nikasema, hayo ni maendeleo. Noti zetu zina simba elfu mbili, faru elfu tano, tembo elfu kumi. Hapo ndipo hesabu ikanigonga kichwani: mimi nimetoa tembo kumi na watano. Kundi zima la Mikumi, nimeliswaga mpaka Msasani!

Nikamuuliza, huyo mama alizungusha gurudumu kama hili? Akasema mitungi yake iliyompa jina aliijenga kwa mkono, yeye ndiye anauzunguka mtungi. Na yule Magdalene Odundo aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyungu vyake viko kwenye makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani? Naye, mkono. Nikanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, kama wenyewe wote wanatumia mkono, mimi ninateswa na mashine ya nini?" Akacheka, akaenda kumsaidia kijana wa benki.

Nilipaswa kumuuliza mama mkwe mapema. Mama mkwe ni Mkisi wa Matema, kule kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu toka enzi na enzi, bila gurudumu, bila umeme, bila muziki wa lifti, na Jumamosi soko la Matema linajaa vyungu vyao. Jumamosi! Siku hiyohiyo mimi niko Msasani, tope mpaka kwenye nyusi, nalipia.

Lakini kipindi cha tatu, jamani, kilikuja kikombe. Kimesimama. Mdomo wake mviringo kama sarafu. Nilikitazama nikasikia koo limenikaba. Mwalimu akaja, akakisifia, akakizunguka, halafu akachukua waya, akakikata katikati toka juu mpaka chini mbele ya macho yangu. Nilipiga yowe. Darasa zima likageuka. "Tunataka kuona unene wa ukuta, mzee. Ona, juu mwembamba, chini mnene sana." Nikamwambia ungeniuliza ningekwambia. Akanijibu, "Usikipende chombo mapema." Maneno hayo ungempa mtu aliyeachwa na mchumba. Mimi nilikuwa na vikombe sifuri na daladala mbili za kurudia.

Kipindi cha nne umeme ulikatika dakika tano kabla ya saa kuisha. Nawaambia ukweli, ndio ulioniokoa. Gurudumu likapunguza mwendo lenyewe, polepole, likasimama, na kikombe changu kikabaki wima kabla sijapata nafasi ya kukirekebisha. Mwalimu akashika waya. Nikasimama kati yake na kikombe. Akacheka, akaupitisha chini tu kukibandua, nikaandika jina langu kwenye kitako kwa kijiti.

Sasa subiri. Wiki nzima kinakauka chini ya plastiki, taratibu, kwa sababu kikikimbizwa kinapasuka. Kinachongwa kitako. Kinaingia kwenye tanuri nyuzi joto 1,000 hivi, kinapoa, kinapakwa dawa ya kung'arisha, kinarudi tena mpaka 1,200 na ushee. Niliulizia mpishi gani anapika kikombe mara mbili. Nikaambiwa pia kwamba udongo una kumbukumbu: ukikipinda kikiwa kibichi ukakinyoosha, ndani ya moto kinaweza kurudi kilivyopindwa. Nikasema huyo si udongo, huyo ni Mangi wa dukani kwetu na daftari lake.

Wakanipigia simu nikachukue. Nikaenda na mfuko mkubwa na magazeti ya kukifungia. Wakanikabidhi kitu kinachoenea kwenye kiganja. Nikasema hiki si changu. Wakakigeuza: jina langu, na lenyewe limesinyaa. Kumbe udongo unanywea, unakauka unapungua, unachomwa unapungua tena. Niliumba kikombe cha chai ya asubuhi, nimerudishiwa kikombe cha kahawa chungu ya barazani. Na kimepinda upande mmoja, kama kinataka kukuambia siri.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi chai bado nakunywa kwenye kikombe cha plastiki, zawadi ya sabuni ya unga.

Mama mkwe alikuwa amekuja Dar kwa matibabu ya macho. Nikakiweka mezani, sikusema kitu. Akakichukua, akakigeuza, akakipima uzito, akakigonga kwa ukucha karibu na sikio. Yeye alisikia. Kwa heshima za ukwe hakunitazama, akamgeukia binti yake: "Mwambie mwenzio, huku chini amebakiza udongo wa kikombe kingine kizima." Halafu akatoa ugoro wake kwenye kikaratasi, akaumimina mle, ukaenea sawasawa. Akaondoka nacho.

Basi kikombe changu kimepanda basi kutoka Dar mpaka Kyela, kikaenda Matema, kwa wafinyanzi wenyewe. Jumapili amepiga simu. Anasema sokoni wanawake wenzake walikipokezana, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, wakauliza nani amekifinyanga. Nikamwomba mama watoto aulize, amewajibu nini.

Amewaambia ni mjukuu wake, yuko darasa la pili.