Sosi Ilitoka, Ila Haikufika Kwenye Mihogo

Kwa kuwa rafiki yangu ninayecheza naye bao hapa Chikongola, Mtwara, ameshawatangazia kwamba nilimpiga baba mkwe kwa chupa hadi akavuja damu na kukimbizwa hospitali ya Ligula, naomba nieleze yaliyotokea Ijumaa kabla habari hizo hazijapanda Newala. Hakuna aliyepelekwa Ligula. Damu haikuwa damu. Chupa yenyewe haikuondoka mkononi mwangu.

Mnaonifuatilia mnaujua msimamo wangu: nyumbani kwangu chombo hakitupwi mpaka kithibitike kuwa kitupu. Tyubu ya dawa ya meno hukunjwa kuanzia mkiani, kisha hupasuliwa kwa mkasi. Dumu la mafuta ya kula huinamishwa juani juu ya bakuli. Na mafuta ya nazi, ambayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi na kwa hiyo hutusumbua asubuhi za Julai, huogeshwa kwa maji ya moto hadi chupa isalimu amri. (Mke wangu huuita ubahili. Msimuunge mkono.)

Ijumaa hiyo mke wangu alikuwa amemkaangia baba yake mihogo, na sosi ya nyanya yenye pilipili iling'ang'ania ubavuni mwa chupa ya plastiki ingawa tuliisimamisha kichwa chini tangu alfajiri. Sosi ya namna hiyo ina ukaidi wake: ukiiacha hutulia tuli, ukiitikisa kwa nguvu hulegea ghafla. Nikakumbuka jinsi mashine ya kufulia inavyokamua nguo kwa kuzizungusha, nikatoka uani, nikakaza kifuniko, nikaishika chupa kitakoni, nikanyoosha mkono na kuanza kuuzungusha.

Mambo yalikwenda vizuri. Nilikuwa ninaisikia kabisa sosi ikijikusanya kwenye kifuniko, na kasi imeshachanganya, ndipo mlangoni pa ua ikasikika "Hodi!" Baba mkwe alikuwa ametoka msikitini, amevaa kanzu nyeupe aliyoisafirisha mkobani kutoka Newala ili isiguswe na vumbi la Tandahimba. Mdomo wangu ulijibu, "Karibu, baba, shikamoo," lakini mkono haukupata taarifa hiyo.

Kifuniko kikang'oka. Ukanda mwekundu ulipanda hewani, ukajinyoosha kwa madaha, ukavuka kamba ya nguo bila kugusa hata kanga moja (ningeomba Mungu uguse), kisha ukaanza kushuka. Baba mkwe aliuona ukija. Alifumba macho, na mkono wake, uliokuwa umenyooshwa ili kunisalimu, ukabaki palepale hewani. Ulimtua bega la kushoto, ukateremka kifuani taratibu, ukamalizikia pindoni. Tone moja lililochelewa likaja kukaa juu ya kofia. Ile sosi iliyokuwa haitoshi kuchovya kipande cha muhogo ilienea kanzu nzima. Jirani aliyechungulia juu ya ukuta alipiga yowe la msiba, na hapo ndipo ilipozaliwa ile habari ya damu. Mimi, kwa kukosa neno jingine, niliamkia upya: "Shikamoo, baba."

Alifungua jicho moja, akapangusa kidevu kwa kidole, akaonja.

"Marahaba. Hii ina pilipili."

Yaliyofuata hayana urefu. Mke wangu aliivua kanzu mwilini mwa baba yake akiwa haongei na mtu, ikalowekwa, ikasuguliwa kwa sabuni na ndimu, ikaanikwa juani siku nzima ya Jumamosi, na sasa ina rangi ambayo fundi cherehani wa mtaani ameipa jina la heshima, "krimu". Nimeshanunua nyingine. Kifuniko hakijapatikana.

Mzee alikula akiwa amevaa kikoi changu. Alipoona sahani ya mihogo imekaa kikavu, aliomba ile chupa na kisu, akaipasua katikati kwa utulivu, akafuta ndani yake kwa muhogo, akala vipande viwili, na cha tatu, ambacho kwa haki kilikuwa changu, akampa binti yake.