Triliamu tatu kwa bei ya kikombe cha kahawa

Mwezi wa nne, huku Ohio, Marekani, udongo ndiyo kwanza unaanza kulainika baada ya baridi. Nilirudi kutoka kazini nikakuta bahasha nene mlangoni. Ndani mna mifuko mitatu ya plastiki iliyojaa maranda, na ndani ya maranda vitu ambavyo ningevikuta sokoni ningesema ni tangawizi iliyosahaulika stoo. Hakuna udongo, hakuna kopo, hakuna hata jani. Ndivyo maua ya mwituni yanavyouzwa hapa kwa posta: mmea unang'olewa ukiwa umelala na kusafirishwa mzizi mtupu.

Mdogo wangu aliyeko Muheza nilimtumia picha. Akacheka sana. "Dada, yaani umenunua magugu kwa dola?"

Ndiyo, nimenunua. Na taabu ikaanza hapohapo, maana sikujua juu ni wapi. Kijiti cha muhogo hakinipi shida, macho yake yanajionyesha. Lakini liatrisi, ua la mbugani, ilikuja kama kitunguu kilichokaliwa, kahawia, na nyuzinyuzi upande mmoja. Nikaona hiyo ndiyo mizizi, nikaielekeza chini. Kumbe ni masalia ya mabua ya mwaka uliopita. Mmoja ulitokea baada ya wiki kadhaa, shina limepinda kama ndoana kwa kutafuta mwanga. Siku hizi nikishindwa kutambua, naulaza mzizi kwa ubavu, wenyewe utajua pa kwenda.

Wa pili, Asclepias tuberosa, ule wa maua ya rangi ya chungwa yanayopendwa na vipepeo, niliuua kwa mikono yangu. Huchelewa sana kuamka. Mwezi wa tano wenzake wote wana majani, pale pake patupu. Nikachukua koleo kwenda kuhakikisha kama umeoza. Koleo likakata mzizi katikati, na juu ya kipande kilichobaki mkononi palikuwa na chipukizi jeupe, dogo kama punje ya mchele. Weka kijiti pale ulipopanda, halafu jizuie.

Lakini makosa hayo ni yangu na yanasameheka. Kinachoniuma ni mfuko wa tatu.

Triliamu nyeupe ndiyo ua la mwituni la jimbo hili: majani matatu, petali tatu, linachanua msituni kabla miti haijafunga kivuli. Mbegu zake hubebwa na sisimizi. Kwa kawaida mbegu ikianguka, masika ya kwanza hutoa mzizi tu chini ya udongo, jani la kwanza huonekana masika ya pili, na mpaka lichanue ni miaka 7 au zaidi. Mimi niliuziwa mizizi mitatu, minene, ya umri wa kuchanua, kwa bei ya kikombe cha kahawa. Sasa niambie, ni mkulima gani atalisha mmea miaka 7 halafu akuuzie hivyo?

Pakiti iliandikwa kwamba mmea umekulia kitaluni. Maneno hayo yana mlango wa nyuma. Mmea uliochimbwa msituni ukakaa kwenye tuta la kitalu msimu mmoja nao unaweza kuitwa umekulia kitaluni. La kuuliza ni hili: mlioutoa kwenye mbegu, au kwa kugawa shina la chini, ni nyinyi wenyewe? Niliwaandikia. Wakanijibu kwamba wakulima wao wanafuata sheria. Sikuwauliza sheria.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: liatrisi na jamaa zake wa mbugani nitaendelea kuagiza, kwa sababu kwenye mbegu huchanua ndani ya miaka 2 au 3 na mkulima halali anaweza kuziuza rahisi akapata faida. Maua ya msituni yanayokua polepole, bei ikiwa ya kutupa, sinunui. Anayejua kuyazalisha atanitoza bei ya kuumiza, nami nitalipa kwa ua moja badala ya matatu.

Katika ile mitatu, mmoja umetoka. Majani matatu, ua hakuna. Nimeuzungushia wavu wa kuku, maana kulungu wa mtaa huu wanaupenda kama mbuzi apendavyo mchicha.